Marehemu Anaitwa Nani?



Wapendwa vijana wenzangu, Novemba imeingia. Bahasha za kuwaombea marehemu zimeshagawiwa kwenye jumuiya ndogondogo, na kila nyumba inaandika majina yake: babu, bibi, mjomba aliyefia Dar, mtoto aliyeondoka kabla hajaanza kutembea. Mwaka huu vijana watatu wameniuliza swali moja, wawili wa VIWAWA na mmoja wa TYCS, na hawajuani kabisa. Swali lenyewe, ukiliondolea ile aibu waliyoliuliza nayo, ni hili: Frateri, kuna mtu nilikuwa nacheza naye gemu mtandaoni. Amekufa. Sijawahi kumwona kwa macho. Je, naye naruhusiwa kumwandika kwenye bahasha?

Nawajibu wote watatu hapa, maana mimi mwenyewe nina marehemu wa namna hiyo.

Tulikutana miezi ile baada ya kumaliza kidato cha sita, nikisubiri matokeo na barua ya seminari. Kiwangwa ukisubiri kitu, unasubiri kweli. Asubuhi uko shambani kwenye mananasi, jioni umekaa pembeni ya lami unaangalia magari ya Bagamoyo na Msata yanavyopita bila kusimama. Kwenye simu yangu nilikuwa na gemu moja tu, Real Racing 3, na ili iingie ilibidi nifute picha zote na nusu ya nyimbo za kwaya.

Kwa wasioijua, gemu hiyo ilikuwa na utaratibu mmoja ambao nitaurudia huko mbele. Haikuwa lazima wewe na mwenzako muwe hewani kwa wakati mmoja. Ukimaliza mbio, muda wako ulihifadhiwa. Rafiki yako akija kesho kwenye uwanja uleule, programu ililiweka gari lenye jina lako barabarani na kuliendesha kwa kadiri ya muda wako. Alishindana na wewe ilhali wewe umelala fofofo, au uko shambani, au bando limekata. Kwa mtu wa bando la kuungaunga kama mimi, ilikuwa neema.

Huyu ndugu alikuwa Mkenya wa pwani. Hilo nililijua kwa Kiswahili chake. Jina lake la mchezoni lilikuwa neno moja na tarakimu tatu, nami sitaliandika, kwa kuwa ni mali yake na ya kwao. Alikuwa ananiacha mbali sana. Siku ya kwanza aliyoniandikia hakusalimia, alisema tu: "Wewe wakanyaga breki ukiwa ushaingia kona. Wataka nini humo ndani?" Ndipo akaanza kunifundisha. Punguza mwendo kabla, gari likiwa bado limenyooka. Ingia taratibu, gusa ukingo wa ndani, kisha fungua mafuta mapema ukitoka. Alisema kona hushindwa kabla hujaifikia. Nilichukua wiki tatu kuelewa, na nilipoelewa nilipunguza sekunde nne kwenye mzunguko mmoja. Mcheza gemu anajua sekunde nne ni nini.

Alikuwa mgonjwa wa selimundu. Aliniambia bila kutafuta huruma, kama mtu anayekuambia ni mrefu au mfupi. Chembe nyekundu za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo, na maumivu yanakamata mifupa. Usiku yakimzidi na usingizi ukigoma, alikuwa anaendesha. Asubuhi nikifungua simu nakuta ameshusha muda wake saa tisa ya usiku, na mimi najua bila kuambiwa: jana hakulala. Usiku mmoja tukiwa hewani wote wawili aliandika: "Leo imenikamata kwelikweli. Niombee kwa namna yenu." Namna yenu. Nikamwombea hapohapo, fungu moja la rozari, na hatukulizungumza zaidi ya hapo. Alijua naingia seminari. Alisema padre anayekata kona vile atafikisha waumini mbinguni kabla ya wakati wao.

Miaka mitatu ya falsafa niliishika simu wakati wa likizo tu. Kila likizo nikifungua, gari lake lilikuwa limenitangulia.

Agosti mwaka huu nilikuta ujumbe kutoka kwenye akaunti yake, na maandishi hayakuwa yake. Alikuwa dada yake. "Mwenye simu hii hayupo tena. Alizikwa Jumatano. Nimeona jina lako mara nyingi humu ndani, nikasema nikwambie."

Bibi yangu ndiye aliyegundua kwanza kwamba nina jambo. Akaniuliza, "Mbona umepoa hivyo, baba?"

"Nimefiwa, Bibi. Rafiki yangu."

"Pole, mjukuu wangu. Mtoto wa nani?"

"Simjui mzazi wake."

"Kwao ni wapi?"

"Kenya, Bibi. Huko pwani. Sijui mtaa."

"Jina lake?"

Nikamtajia lile neno na tarakimu tatu. Akaniangalia. Mnajua wazee wetu wa Kikwere wanavyokuangalia wakiwa wanapima kama umeanza kuchanganyikiwa au unasema kweli. Kisha akaingia ndani, akatoka na mkeka, akautandika chini ya mwembe. "Basi kaa. Kama msiba hatuwezi kuufuata, utatukuta hapahapa." Akachemsha chai ya tangawizi. Jirani akapita, akaambiwa, "Huyu kijana kafiwa," naye akakaa. Hakuna aliyeuliza tena ni mtoto wa nani. Tulikaa hadi magharibi.

Nimesoma vitabu vingi juu ya urafiki na sidhani kama kuna kilichonifundisha zaidi ya ule mkeka. Lakini kwa kuwa nimevisoma, wacha nitoe faida kidogo. Aristotle, katika kitabu cha nane cha Maadili ya Nikomako, anagawa urafiki wa faida, urafiki wa starehe na urafiki wa wema. Mtu akitaka kuwadharau marafiki wa mtandaoni atakimbilia hapo haraka: hao ni wa starehe, mchezo ukiisha na urafiki umeisha. Atakuongezea kwamba Aristotle mwenyewe anataka marafiki waishi pamoja, na anautaja msemo wa kale kwamba watu hawajuani mpaka wawe wamekula chumvi pamoja. (Kwetu kula chumvi nyingi ni uzee. Hao Wagiriki nao walikuwa na chumvi yao.)

Ni kweli anasema hivyo. Ila kitabu hichohicho, mbele kidogo, kinasema umbali hauuvunji urafiki wenyewe, unasimamisha utendaji wake tu, ingawa ukiwa mrefu mno huleta usahaulifu. Sasa jiulize: kati yangu na huyu ndugu, utendaji ulisimama wapi? Alikesha na maumivu yake na akatumia dakika zake kunifundisha mimi kona, bila kupata hata shilingi. Nilimtakia mema, naye akanitakia mema, na kila mmoja alijua mwenzake anamtakia mema. Hivyo vitatu ndivyo Aristotle anavyovidai. Chumvi tuliila, kila mmoja kwenye sahani yake.

Kule Norwei kulikuwa na kijana anaitwa Mats Steen. Alikuwa na ugonjwa unaodhoofisha misuli, akaishia kwenye kiti cha magurudumu, akifanya kila kitu kwa kompyuta. Alikufa Novemba 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake walikuwa wanamlilia kwa sababu waliamini ameishi bila marafiki. Walipotangaza kifo chake kwa watu aliocheza nao World of Warcraft, barua zikaanza kumiminika kutoka nchi mbalimbali, na baadhi ya wachezaji wenzake wakasafiri kwenda kumzika. Mwaka 2024 ilitoka filamu juu ya maisha yake. Wazazi walimwona kila siku na hawakujua. Waliojua walikuwa hawajawahi kumwona. Nalisema hili kwa wazazi pia, kama wapo wanaosoma: mtoto akilia kwa ajili ya mtu wa kwenye simu, usimcheke. Tandika mkeka.

Sasa suala la bahasha. Nilikwenda kwa katekista wetu kuandikisha nia ya Misa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Frateri. Marehemu anaitwa nani?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kalamu ikiwa juu ya daftari. "Mkristo?" Nikasema sijui. "Mwislamu?" Nikasema sijui, anaweza kuwa. Akafikiri, akasema swali hilo tumpelekee Paroko, lakini nafasi aiandike isije ikachukuliwa. Akaandika: Marehemu rafiki wa Frateri, Mungu anamjua.

Paroko hakusita. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 901, inampa padre uhuru wa kuitoa Misa kwa ajili ya mtu yeyote, aliye hai au aliyekufa. Mtu yeyote. Haisemi Mkatoliki yeyote. Kutangaza jina hadharani ni jambo lingine, hapo padre anatumia busara ili asiikwaze familia ya marehemu wala waumini. Ila kuiweka nia altareni, mlango uko wazi. Na mkisikiliza vizuri Sala ya Ekaristi ya Nne, mtasikia Kanisa likiwaombea waliolala katika Kristo na kisha marehemu wote ambao Mungu peke yake ndiye aliyeijua imani yao. Nimekaa Misa nyingi nikiisikia sehemu hiyo kama maneno ya kupita. Septemba niliposikia inasomwa niliinua kichwa.

Na hata suala la jina, Maandiko yako upande wetu. Somo tunalolitegemea sana kuhusu kuwaombea wafu ni 2 Wamakabayo 12. Yuda Mmakabayo anakwenda kuwazika askari wake na kukuta chini ya nguo zao hirizi za sanamu za Yamnia. Maana yake walikufa na dhambi mfukoni. Hakusema hawa basi tena. Alipitisha mchango kwa askari, mtu kwa mtu, zikapatikana drakma elfu mbili za fedha, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi yao, kwa sababu aliamini ufufuko. Someni sura hiyo tangu mwanzo hadi mwisho mkitafuta jina la hata mmoja wa wale waliokufa. Hamtalipata. Sadaka ya kwanza kwa wafu tunayoisoma katika Biblia ilitolewa kwa watu ambao msomaji hawajui majina.

Mtakatifu Agustino naye ana rafiki asiye na jina. Hii inanigusa kwa namna ya pekee kwa kuwa Jimbo letu jipya la Bagamoyo, lililoundwa Machi 2025, Askofu wake wa kwanza, Stephano Musomba, ni wa shirika la Waagustino, na Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Nne ni wa shirika hilohilo. Katika kitabu cha nne cha Maungamo, Agustino anasimulia kifo cha kijana mwenzake wa Tagaste. Walikua pamoja. Kijana alishikwa na homa, akazimia, akabatizwa akiwa hajitambui. Alipozinduka, Agustino, ambaye wakati huo hakuwa Mkristo, akafanya mzaha juu ya ubatizo huo akidhani watacheka wote. Rafiki yake akamkemea kwa ukali asiouzoea. Siku chache baadaye homa ikarudi, akafa, na Agustino hakuwepo. Anaeleza jinsi mji mzima ulivyokuwa hauvumiliki, kila alikotazama aliona kifo, mpaka akahama. Kurasa na kurasa za machozi, na jina la marehemu halijaandikwa hata mara moja.

Katika kitabu cha tisa ni tofauti. Mama yake, Monika, anafariki huko Ostia mwaka 387, mbali na kwao Afrika. Awali alitamani sana azikwe kando ya mumewe. Mwishoni hakujali tena mwili utalala wapi. Aliomba kitu kimoja tu: wamkumbuke kwenye altare ya Bwana popote watakapokuwa. Na Agustino anamalizia kwa kuwaomba wasomaji wake wamkumbuke Monika, na Patrisi aliyekuwa mumewe, kwa majina yao. Ninyi mnaohuzunika kwamba hamkufika kuzika, kwamba hata kaburi hamjui liko upande gani, shikeni neno la huyo mama. Waliokosa nauli na waliokosa anwani, altare haiwaulizi walitoka wapi.

Nilisema nitaurudia ule utaratibu wa gemu. Rafiki yangu amekufa, lakini gari lake halijaondoka. Likizo hii nilifungua uwanja tuliokuwa tunagombea, na likawepo kwenye mstari wa kuanzia, jina lake juu yake, likaenda kwa muda wake uleule. Kuna simulizi linalofanana na hili ambalo wacheza gemu wengi wanalijua. Kijana mmoja alifiwa na baba yake akiwa na miaka sita. Miaka kumi baadaye akawasha mashine ya zamani, akaingia kwenye gemu yao ya mbio, RalliSport Challenge, na kukuta kivuli cha gari la baba yake bado kinazunguka kwa muda bora aliouweka. Alishindana nacho mpaka akawa anaweza kukishinda, halafu alipokaribia mwisho akasimama kabla ya mstari, ili kivuli kisifutwe.

Simulizi hilo linaliza, na mimi limeniliza. Lakini tuwe makini, maana hapa ndipo imani yetu inaposema kitu ambacho mashine haiwezi kusema. Lile gari ni nini hasa? Ni muda uliohifadhiwa. Ni alama ya alichofanya siku fulani. Naweza kulifuata, naweza kulishinda, naweza kusimama nyuma yake nikalia. Siwezi kulisaidia. Halihitaji kitu na halipokei kitu. Mtu mwenyewe, ambaye sasa yuko mikononi mwa Mungu, anaweza kuwa anahitaji. Kanisa linafundisha kwamba wapo wanaokufa katika urafiki na Mungu lakini bado wanatakaswa, na kwamba sala zetu, sadaka ya Misa na matendo ya huruma vinawafikia (someni Katekisimu namba 1030 hadi 1032). Kumkumbuka marehemu ni jambo moja. Kumwombea ni kumfanyia kitu. Namba 958 inakwenda mbali zaidi: kuwaombea kunawasaidia wao, na kunafanya maombezi yao kwa ajili yetu yawe na nguvu. Ni barabara ya kwenda na kurudi. Kivuli hakikuombei.

Tena kivuli kinategemea seva ya mtu. Gemu ya mbio iitwayo The Crew ilitoka Desemba 2014. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ikazima seva zake, na waliokuwa wameinunua kwa fedha zao hawakuweza kuicheza tena hata peke yao. Kumbukumbu zote za magari na marafiki zilizokuwa humo zikaenda na umeme. Mimi siwezi kumweka rafiki yangu mahali panapoweza kuzimwa kwa tangazo.

Kuna mahali pengine majina yanapotunzwa. Katika Yohane 10 mchungaji anawaita kondoo wake kila mmoja kwa jina. Katika Yohane 20 Maria Magdalena anamwona Bwana mfufuka, anamdhania mtunza bustani, na hamtambui mpaka anaposikia jina lake likitamkwa. Na katika Ufunuo 2:17 kuna ahadi ambayo mcheza gemu anapaswa kuipenda kuliko mtu mwingine: anayeshinda atapewa jiwe jeupe lenye jina jipya, ambalo hakuna alijuaye ila yeye anayelipokea. Sisi tunajipa majina ya mchezoni ili tuwe mtu mwingine kidogo, hodari zaidi, mzima zaidi. Mwenye selimundu anachagua jina la mtu asiyeumwa. Sioni ubaya hapo. Naona hamu, na nadhani Mungu anaielewa.

Sisi wa pwani hii hatuna ugeni na marehemu wasio na majina. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 wakitokea Zanzibar, wakakomboa watumwa na kuwajengea kijiji. Makaburi ya mapadre na mabradha wao yapo pale misheni, wengi wao walikufa wangali vijana. Hayo yana majina, mtu anaweza kwenda akayasoma. Lakini waliotembezwa kutoka Ujiji na Tabora wakaanguka njiani kabla ya kuiona bahari, nani aliwaandika? Wako ardhini kati ya ziwa na hapa, na hakuna daftari. Nilimwambia Paroko kwamba katika jimbo kama letu ile nafasi ya "Mungu anamjua" ingepaswa kuwepo kwenye kila bahasha, imeshachapwa tayari. Akacheka, akasema nikishapewa daraja nitachapisha za kwangu.

Neno moja kwa wale wanaodhani nawapigia debe gemu. Mtakatifu Karlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu Septemba 7, 2025, alikuwa na PlayStation na alijiwekea saa moja kwa wiki. Saa moja! Wengine hapa saa moja ni ya kusubiri gemu ipakue tu. Fanyeni hesabu zenu wenyewe.

Misa ilisomwa Jumamosi moja asubuhi ya Septemba. Tulikuwa watu wachache: Bibi, jirani yule wa mkeka, katekista, wamama wawili wa WAWATA ambao huwa hawakosi. Jioni nikamwandikia dada yake kumwambia kwamba kaka yake ameombewa huku Kiwangwa, kwa namna yetu. Niliogopa kidogo kwamba atakasirika. Alikaa siku mbili bila kujibu. Kisha akauliza, "Mlimwombea kwa jina gani?" Nikamweleza alichoandika katekista. Akanitumia jina lake, la kwake na la baba yake, akasema likitajwa tena mlitaje hili.

Ni jina ambalo huku pwani utalisikia msikitini na kanisani vilevile. Sikuuliza zaidi. Nililipeleka kwa katekista, naye akafungua daftari kwenye ule ukurasa, akaliandika juu ya maneno yake ya zamani bila kuyakata.

Basi, ninyi watatu, na wengine mlioogopa kuuliza. Andikeni. Mkijua jina la nyumbani, andikeni hilo. Mkijua la mchezoni tu, andikeni hilohilo, na mhasibu wa jumuiya akishangaa mwelezeni kwa adabu. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, anayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu, hata kwa kusali moyoni tu, anaweza kupata rehema kamili kwa ajili ya roho iliyo toharani, mara moja kwa siku, kwa masharti ya kawaida: kitubio, komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo usiong'ang'ania dhambi yoyote. Haisemwi popote kwamba lazima liwe kaburi la huyo unayemwombea. Mimi nitakwenda haya ya hapa kijijini, nyuma ya mashamba, alasiri jua likipungua. Bibi amesema nisiondoke bila yeye.

Tumsifu Yesu Kristo.